Sufu ya Kuwekewa

Ijumaa ya tarehe tatu Machi, mwaka elfu mbili na kumi na saba, ndiyo siku mambo ya Clifford Haigh yalipoharibika. Asubuhi hiyo mkewe, Enid, alivaa koti la mvua akateremka mtaa wa Kirkgate kuchukua madonge ya mwisho ya sufu ya kijani dukani kwa Bi. Avis Pickersgill. Akakuta mlango una kufuli jipya na karatasi ya halmashauri ya mji, ya kudai kodi, imebandikwa kwenye kioo. Alisimama pale kwenye theluji ya majimaji akigonga, maana ndani aliona taa moja bado inawaka, akadhani Avis hajasikia. Alirudi nyumbani midomo imegeuka bluu, akasema, "Wamemfungia Avis, Cliff," akakaa kitini, na kabla viazi havijaiva alikuwa amekufa.

Daktari alisema ni moyo. Clifford alisema ni halmashauri. Alilisema kaburini, akalisema baa, akalisema mbele ya kasisi aliyekuja kumpa pole, na miaka saba baadaye alikuwa bado analisema.

Kilichobaki mezani kilikuwa sweta lake, kwa maana Enid alikuwa akimfumia yeye: mgongo tayari, kifua tayari, mkono wa kulia tayari. Mkono wa kushoto haukuwepo. Watu walimwambia anunue sufu nyingine ya kijani, dunia imejaa kijani. Watu hao hawajui sufu. Sufu hutiwa rangi pipa kwa pipa, na pipa la leo halifanani na la jana hata mtu aape. Mpwa wake alimletea donge la kijani kutoka mji mwingine. Walipoliweka karibu na sweta dirishani, moja lilikuwa moss, kile kijani kinachoota kwenye mawe yenye unyevu, na jingine nyasi.

Ndiyo maana wanawake wa mji ule wa Ackerby walikuwa na desturi ya kuwekewa. Ukianza sweta, Avis alikutengea madonge yako yote ya pipa moja, akayatia kwenye mfuko wa karatasi, akaandika jina, akapandisha juu rafuni. Ulichukua mawili leo, mawili mwezi ujao. Yaliyobaki hayakuuzwa kwa mtu mwingine, hata malkia angekuja na gari lake. Neno lilikuwa moja tu: yamewekwa.

Na sufu ya Enid ilikuwa imewekwa. Clifford alijua iko mle ndani, nyuma ya vioo vilivyopakwa chokaa, kwa sababu wakubwa walipofunga duka hawakutoa kitu. Walilifunga tu, wakaliacha lioze. Aliandika barua tatu, yeye ambaye shule aliiacha ana miaka kumi na minne ili akabebe magunia ya makaa ya mawe. Wakamjibu kwamba shauri lake limepokelewa.

Halafu, Jumatatu moja ya Novemba, akiwa anaenda kununua mkate, akaona kontena la taka limeegeshwa mbele ya duka. Wanaume wenye kofia ngumu walikuwa wanatupa vitu kutoka ghorofani: mbao, mazulia, sanamu la kuvalishia nguo lisilo na kichwa. Vigae vya paa upande wa nyuma vilikuwa vimeshang'olewa, na mvua ilikuwa inanyesha.

"Mnabomoa?" aliuliza.

"Tunasafisha, mzee," alijibu msimamizi, jitu la masharubu mekundu liitwalo Dean. "Ghorofani tumemaliza. Baada ya chai tunashuka chini."

"Na vitu vya chini?"

Dean alionyesha kontena kwa kidole gumba.

Saa nne ilipofika wakaenda wote kwenye gari lao kunywa chai na kula mikate ya nyama ya nguruwe, kwa sababu Mwingereza akiwa kazini unaweza kumnyima mshahara lakini si chai ya saa nne. Mlango waliuacha wazi. Clifford aliingia, akausukuma ukafunga, akapiga komeo la juu, akapiga la chini.

Ndani kulinuka vumbi na kafuri. Alisimama kidogo, macho yazoee giza. Kaunta ilikuwapo, na ile rula ya shaba iliyopigiliwa ukingoni. Ghafla akaukumbuka mtaa mzima wa Kirkgate, kushoto kwenda kulia: muuza nyama Lumb aliyejua nani ana mbwa, duka la viatu walikopima mguu wa mtoto kama wanapima almasi, duka la misumari ulikouziwa msumari mmoja ukitaka mmoja, mwoka mikate ambaye harufu yake ilikuwa saa ya mtaa. Leo ni kamari, kucha, sigara za mvuke, kamari tena, na mitumba ya hisani ambamo nguo za marehemu wa mji zinauziwa marehemu watarajiwa.

Tone la maji lilimpiga shingoni. Akatazama juu. Dari lilikuwa limevimba kama tumbo la ng'ombe, na maji yalikuwa yanatiririka ukutani, yanaelekea kwenye rafu za juu. Mifuko ilikuwa pale, safu kwa safu, midomo imekunjwa vizuri.

Huko nje mlango ukatikiswa.

"Oya! Nani kafunga?" ilikuwa sauti ya Dean. "Mzee! Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Toka, babu. Dari hilo linashuka!"

"Nitashuka kabla yake. Ninatafuta kitu."

Aliisogeza ngazi ya mbao kwenye reli yake, akapanda. Nyonga ya kulia ilimlilia kila kidato. Alianzia herufi H. Mji ule akina Haigh ni kama mawe, na mifuko yao ilikuwa mingi: Haigh Nora, Haigh Beryl, Haigh wa Kinu. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Akairudia. Enid hakuwamo.

Akaushika ukingo wa rafu. Alihisi kama Enid amemfia tena, na safari hii wamemfuta na jina.

Nje ilisikika sauti ya mwanamke, kavu, ya kiofisi. "Bwana Haigh? Mimi ni Lorraine Tunnicliffe, afisa wa ufufuaji wa mji."

"Wa nini?"

"Ufufuaji."

"Basi mfufue mke wangu, halafu tuzungumze."

Watu walicheka. Kwa kicheko hicho Clifford akajua kwamba kuna kundi la watu nje. Kirkgate siku hizi haina cha kutazama, kwa hiyo mlango uliofungwa kwa ndani ni sherehe.

"Bwana Haigh, jengo ni mali ya halmashauri na si salama. Nimeshawaita polisi."

"Mlipoliua duka hamkuita polisi."

"Hakuna aliyeliua," alisema Bi. Tunnicliffe, na sasa ukavu ulipasuka kidogo. "Watu waliacha kuja. Walikwenda duka kubwa la barabara ya mzunguko, huko kwenye maegesho ya bure."

"Na kibali cha kulijenga alikitoa nani? Papa wa Roma? Na huku chini mkasimika mashine za kulipia maegesho mpaka mbele ya kanisa. Mtu akija kuzikwa anaanza kutafuta chenji!"

"Mwambie, Cliff!" alipaza mtu.

Maji sasa yalikuwa yamefika rafu ya pili. Mfuko mmoja ulilowa, ukapasuka chini, na madonge ya waridi yakadondoka sakafuni, yakabingirika kwenye dimbwi. Clifford alivuta mifuko ya G, ya I, akiitupia upande mkavu wa kaunta, akisoma, akitupa. Haigh. Hakuna. Hakuna.

Ndipo akasikia kitu kikiburutwa mlangoni, kisha tundu la kutumbukizia barua likafunguka na sauti ndogo, kali kama sindano, ikaingia.

"Clifford. Unavuruga rafu zangu. Nakusikia."

Alikuwa Avis Pickersgill mwenyewe, mwenye miaka themanini na nane. Bi. Tunnicliffe alikuwa ametuma gari limlete kutoka nyumba za wazee nyuma ya kanisa ili amshawishi Clifford atoke. Wakamkalisha juu ya ndoo ya Dean, mdomo wake ukalingana na tundu.

"Avis, hayumo! Nimeangalia Haigh zote."

"Kwa nini unamtafuta kwenye Haigh?"

"Kwani aliitwa nani?"

"Enid nilikaa naye dawati moja darasa la kwanza, nywele zake mikia miwili. Mume ni kitu kilichokuja baadaye. Tafuta Sugden, jina la kwao."

"Miaka arobaini na sita nilikuwa mumewe, wewe mwanamke!"

"Na mimi nilimjua kabla yako. S, Clifford. Mwisho wa ukuta, chini ya bomba."

Chini ya bomba. Bomba lilikuwa linamwaga. Alishuka, akaisukuma ngazi mpaka mwisho wa reli, akapanda tena huku maji yakimwingia mikononi mwa koti. Dari likatoa mlio, kama mtu anayejigeuza kitandani, na kipande cha chokaa ukubwa wa sahani kikapita sikioni kwake. Nje mtu akapiga yowe. Akapeleka mkono gizani, akagusa karatasi iliyolegea kwa unyevu, akauvuta mfuko kwa mikono miwili kama mtu anayetoa mkate tanuruni. *Sugden Enid.* Ndani, kijani. Moss, si nyasi.

"Ninao," alisema, akishuka ngazi. Akasema tena. "Avis, ninao!"

"Basi toka sasa," alisema Bi. Tunnicliffe. "Tafadhali."

Angetoka. Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo. Lakini sauti nyingine ya mwanamke ilisikika nyuma ya Avis. "Bi. Pickersgill, na mama yangu je? Si aliweka?"

"Wewe mtoto wa nani?"

"Glenys. Wa Ackroyd."

"Mama yako alizaliwa Lumb. Rangi ya maziwa, ya shali. Clifford! Lumb Hilda!"

Clifford aliitazama mifuko juu ya kaunta, akautazama ukuta unaolowa. Akauingiza mfuko wa Enid ndani ya koti, akafunga kifungo, akaenda kwenye L. Mfuko ulikataa kupita kwenye tundu la barua, kwa hiyo akapitisha donge moja moja, na kule nje Glenys akapokea moja moja.

"Na shangazi yangu? Bottomley?"

"Na bibi yetu!"

"Msinipigie kelele masikioni," alisema Avis kutoka kwenye ndoo. "Pangeni foleni kama watu waliolelewa."

Wakapanga. Kwenye mvua, kuanzia mlangoni mpaka kwenye duka la kucha, bila kuambiwa mara ya pili. Avis alitaja jina la usichana la kila marehemu, Clifford alipanda, alishuka, alipitisha. Nyonga ilikuwa inawaka moto. Bi. Tunnicliffe alipiga simu, akakata, akapiga tena. Dean aliombwa auvunje mlango. Akaitazama foleni, akasema hawezi kuruka watu.

Hata sajini wa polisi alipofika, mtu mzima mwenye mwili aitwaye Rehman, akapita kando kuelekea mlangoni, alikutana na mkono wa bibi mmoja kifuani.

"Foleni inaanzia kule, bwana."

"Mama, mimi ni polisi."

"Na mimi nimesimama hapa tangu saa tano."

Sajini Rehman akageuka nusu, miguu ikitaka kwenda nyuma, kabla hajajikumbuka.

Lakini dari halikupanga foleni. Lilishuka upande wa S kwa mshindo mmoja, na vumbi jeupe likapulizika kupitia tundu la barua mpaka usoni kwa Avis. Watu waliita, "Cliff! Cliff!" Dean alipiga bega mara moja, mara mbili, na kabla ya la tatu komeo likalia na mlango ukafunguka kwa ndani. Clifford akatoka mweupe kichwa mpaka viatu, kama mwoka mikate, amekunja mikono juu ya kifua cha koti.

Hakuna aliyepiga makofi. Bi. Tunnicliffe alivuta pumzi.

"Nimefurahi uko mzima," alisema. "Lakini vyote vilivyokuwa humo ni mali ya halmashauri kwa amri ya mahakama. Na hivyo mlivyopewa pia. Sajini, naomba virudishwe."

Watu wote kwenye foleni wakakaza mikono. Sajini Rehman akamsogelea Clifford.

"Una nini ndani ya koti, Bwana Haigh?"

"Sufu ya mke wangu."

"Aliinunua?"

"Iliwekwa."

"Nauliza kama alikuwa ameilipia."

"Unalipia siku unayochukua. Siku ya kuchukua walikuwa wamebadilisha kufuli."

"Kwa hiyo ilikuwa ya duka," alisema Bi. Tunnicliffe.

"Haikuwa ya duka," alisema Avis, akijifuta chokaa machoni. "Nisingeweza kuiuza hata kama ningekufa njaa. Ilikuwa imewekwa."

Sajini aliutazama mkono wake mwenyewe, aliokuwa ameshaunyoosha, na kona ya karatasi iliyolowa iliyochungulia kwenye koti la Clifford. Mvua iliendelea. Akamgeukia Avis, akamgeukia afisa, kisha watu wote waliosimama mpaka duka la kucha, akauliza kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Duka halikuwa na haki ya kuiuza, na mkewe hakuwa ameilipia. Sasa ilikuwa ya nani?"