Nyayo za Saa Tatu

Saa tatu asubuhi, kama ada, mwongoza wageni wa hifadhi alivaa kofia yake ya kijani, akasimama langoni na kuwakaribisha watu ambao hawakuwapo. Tangu ugonjwa uifungie dunia majumbani, hakuna mgeni aliyekuja. Zilikuja nyayo zao tu. Zilijichapa kwenye mchanga wa njia, za raba, za kandambili, za mtoto asiyetulia, zikajipanga na kusubiri. Naye akaziongoza. Walipofika kwenye mti wa kima alitoa kichekesho chake, mchanga ukatifuka kidogo, akajua wamecheka.

Mkuu wa hifadhi alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Aliziona zile nyayo, akasema mradi hazikanyagi maua, haina neno. Siku moja alimletea dada yake chai, akamwomba amsimulie matembezi yote, neno kwa neno.

"Ukiugua, Mungu apishie mbali, yasipotee. Wageni wakirudi, kundi la kwanza ni lako."

Dada akasimulia mpaka chai ikapoa.

Ugonjwa ulipokwisha, wageni walirudi na mazoea mapya. Kila mtu na njia yake. Hakuna aliyetaka kubanana na wenzake wala kupumuliwa na mwongozaji. Kandokando ya njia walikuta vibao vipya. Maneno yote yalikuwa ya dada, hata kichekesho cha kima. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilivaa sare kama yake. Wageni walisoma, wakacheka, wakapita, na mchanga nyuma yao ukabaki laini. Nyayo zao zilikuwa zimewaacha langoni, zikaenda kwa mwongozaji.

Alimwita mdogo wake aje aone. Mdogo mtu akatazama mchanga, kisha akatazama saa.

"Naziona, dada. Lakini wanaokata tiketi ni watu. Kofia uirudishe leo jioni."

"Yale maneno nilikupa wewe."

"Na nimeyatunza. Hakuna hata moja lililopotea."

Iliuma zaidi kwa kuwa ilikuwa kweli. Mdogo mtu alirudi ofisini bila kuacha alama. Nyayo zake zilibaki pale pale, unyayo wa kushoto umepinda kidogo kwa ndani. Dada aliujua unyayo huo, maana ndiye aliyemshika mkono alipokuwa akijifunza kutembea. Nyayo hizo zilisogea mbele kabisa, wanakokaa wasikivu.

Aliikaza kofia, akazisalimu zote, akaanza matembezi. Jioni aliirudisha.