Gari la Pupusa Kichochoroni

Jovonna Pettiford alikuwa na cheo kipya, na cheo kipya ni kama viatu vipya: hata ukienda kutupa takataka unataka watu wakuone navyo. Alikuwa amechaguliwa mjumbe wa mtaa huko Brightwood, kaskazini mwa Washington, mji mkuu wa Marekani. Mshahara hakuna. Kazi ni malalamiko tu: taa za barabarani, mashimo, kinyesi cha mbwa.

Alhamisi ile asubuhi lori la takataka lilishindwa kupita kichochoro cha nyuma, kwa sababu Nelson Argueta alikuwa ameliacha gari lake la kuuzia pupusa, ile mikate midogo ya mahindi yenye jibini ndani, katikati ya njia. Kundi la simu la majirani likawaka moto. Sasa, Nelson ni jirani wa ukuta mmoja na Jovonna. Angegonga ukuta tu, Nelson angetoka na kandambili zake, akaomba radhi, akasogeza gari. Lakini Jovonna alitaka watu waone mjumbe wao si wa mapambo. Akapiga simu ya polisi wa jiji, kisha akawaandikia majirani: "Nimesharipoti. Wanakuja."

Na habari alikuwa nazo, tena kuliko wengi! Mwezi mzima serikali kuu ilikuwa imewachukua polisi wa jiji chini ya amri yake, na gari la polisi likienda popote, nyuma yake lilifuata jingine lisilo na maandishi, limejaa maafisa wa uhamiaji wa serikali kuu waliofunika nyuso. Mjini hakukuwa na mazungumzo mengine. Ila kichwani mwake hayo yalikuwa mambo makubwa, na takataka ni takataka. Hakuviunganisha.

Aliviunganisha pale dirishani, kikombe cha kahawa mkononi. Gari la polisi wa jiji liliingia kichochoroni likasimama nyuma ya gari la Nelson. Nyuma yake likaingia gari jeusi. Karatasi za Nelson za kukaa nchini zilikuwa zinasubiri kufanywa upya tangu mwaka jana, na mtaa mzima ulijua, maana Marisol, mke wake, alikuwa akiwaomba watu kanisani wawasaidie kwa dua.

Jovonna alishuka ngazi za nyuma bila viatu.

Nelson alishatoka, funguo mkononi, uso umemkauka. Mbele yake alisimama Sajini Boykin wa polisi wa jiji, ambaye Jovonna alimwita anko tangu akiwa shule ya msingi. Wale wa gari jeusi walikuwa watatu. Mrefu wao alimwambia Boykin amshike yule mtu na amuulize karatasi zake.

"Mimi nimeitiwa gari," Boykin akasema.

"Sikukuuliza umeitiwa nini. Nyie mko chini yetu."

"Tulikuwa." Boykin akafungua kitabu chake cha ripoti. Mzee alikuwa karibu kustaafu. "Mwezi wenu wa kisheria uliisha jana usiku, na Bunge halikuwaongezea. Leo bosi wangu ni meya. Na meya hanitumi kumuuliza mtu karatasi za uhamiaji kisa ameegesha vibaya."

Yule mrefu akacheka chini ya kitambaa. "Sawa, babu. Tutamuuliza wenyewe."

Chuoni Jovonna alisomea siasa, na swali hili hili alilijibu kwenye mtihani akapata alama nzuri kabisa: mwezi wa kisheria ukishaisha, serikali kuu haiwezi kulitumia jeshi la polisi la jiji inavyotaka. Kweli. Lakini sheria ilimfunga yule mrefu asimwamrishe Boykin. Haikumfunga miguu asitembee.

Na alikuwa anatembea.

Boykin akamgeukia Nelson, sauti juu. "We bwana! Umeziba njia ya jiji. Toa hilo gari, sasa hivi!"

Nelson akabaki ameganda, kama hajui ni mtego au nini. Jovonna alielewa kabla yake: mzee alikuwa anampa Nelson njia ya kuondoka. Akaingia katikati, mikono kiunoni, akaanza kubwata kama jirani mkorofi: kila wiki hadithi ni ileile, mtaa unanuka, watu wamechoka. Alijisogeza mpaka akawa kati ya Nelson na yule mrefu.

"Ondoa, Nelson," akasema, na safari hii sauti ilimkatika. "Nenda, kaka. Nenda tu."

Nelson akamtazama. Kisha akaruka ndani, gari likakohoa, likaondoka kwa mbele na kupotea kwenye kona.

Wale watatu wakakimbilia gari lao. Lakini kichochoro kile hakipitishi magari mawili sambamba, na mbele yao lilikuwa gari la Boykin, limetulia.

"Sogeza!"

"Naandika ripoti," Boykin akajibu. "Amri ya kusogeza gari hili inatoka kituoni kwangu. Wapigie."

Walirudi kinyumenyume, wakagonga mapipa mawili, wakatokea kule walikoingilia, kwa kasi. Boykin alikaa kwenye ngazi za Jovonna, akavua kofia. Jasho lilikuwa linamtiririka kama mtu aliyetoka mtoni.

Jovonna alikwenda kwa Marisol kusubiri. Waliketi jikoni, simu mezani katikati yao, unga wa mahindi umeanza kukauka kwenye beseni. Kila gari lililopita nje, wote wawili waliacha kupumua. Adhuhuri ikapita. Mwishowe simu ikalia: Nelson alikuwa kwa binamu yake, jimbo jirani la Maryland, gari amelificha gereji, kurudi hajui lini.

Marisol akalia, akafuta uso kwa aproni, kisha akauliza taratibu, "Nani aliwaita?"

Ndani ya simu ya Jovonna majirani walikuwa bado wanamshukuru mjumbe wao.

"Mimi," akasema. "Kwa ajili ya takataka."

Nje gari lilipunguza mwendo, likasimama. Marisol akainuka, akavuta pazia, akafunga mlango kwa funguo zote mbili. Akarudi kukaa. Hakumwambia Jovonna atoke, wala hakumwambia abaki.