Moshi Uliolala Uwandani

Siku mbili mawingu yalikaa juu ya bonde letu, na siku mbili mimi sikuweza kukaa. Nilifuma soksi, nikaifumua. Niliinjika birika, nikaliepua kabla halijachemka. Kila mara nilivaa buti nikatoka kutazama mbingu.

"Bibi, utachimba handaki hapo mlangoni," Marjut aliniambia.

Marjut alikuwa mhandisi kijana wa ofisi ya hali ya hewa. Alikuja na basi, masanduku mawili ya vyombo mikononi, akalala chumba cha marehemu mume wangu. Alikuwa mtoto mwema. Alipoanika glovu zake karibu na jiko, alizigeuza na zangu.

Kwa miaka thelathini na minane nimeisomea ofisi hiyo kipimajoto kilicho ndani ya sanduku jeupe pale uwandani. Kila asubuhi, saa mbili kamili, nafungua kijimlango, nazuia pumzi nisikipashe joto, nasoma, naandika kitabuni. Sasa kando ya sanduku kuna mlingoti wenye kipimo kinachotuma namba chenyewe. Tangu majira ya baridi yaliyopita, namba zetu zilianza kutupwa. Kompyuta ya utabiri inasema nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, mlingoti wetu unasema arobaini, basi kompyuta inaamua mlingoti ni mgonjwa. Kisha barua ikaja: Marjut atapima siku tatu, na akiona kasoro, kituo kitafungwa.

Sikuhofia kazi. Nilimhofia Ovllá, mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mwaka jana alisikia redioni ishirini na mbili, ile ya kompyuta, akapanda skuta ya theluji kuwafuata kulungu wake wa kufugwa kwenye ziwa la chini. Kule bondeni injini ikaganda. Alirudi kwa miguu, na vidole viwili akaviacha hospitalini. Kitabu changu asubuhi ile kilisema arobaini na moja, ila nani akisome?

Marjut alitundika kipimo chake karibu na mlingoti. Chini ya mawingu vyote vilisema kumi na nane, na kompyuta nayo ikasema kumi na nane.

"Vinapatana, bibi."

"Wingu ni blanketi, mwanangu. Chini ya blanketi kila mtu anapatana na mwenzake."

"Najua. Lakini nimepewa siku tatu, na basi langu ni kesho saa nne."

Siku ya tatu niliamka nikasikia theluji ikilia kwa baridi kali chini ya buti za mpita njia, nikajua mbingu ziko wazi. Sikungoja saa mbili. Saa moja nilikuwa sandukuni: thelathini na nane. Redio ilisema ishirini na tatu. Nilirudi mbio nikamwamsha Marjut, naye kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.

"Ikibaki hivi hadi saa mbili, nina ushahidi."

Haikubaki. Ilipokaribia saa mbili namba zilianza kuruka: thelathini na tisa, thelathini na tatu, thelathini na sita, thelathini na moja. Marjut alitazama kioo cha chombo chake, uso ukamwanguka.

"Hata changu kinaruka, bibi. Basi si kipimo, ni mahali penyewe. Na kituo kikiwa mahali pabaya, hufungwa."

Ndipo nikasikia harufu ya magome yakiungua.

Kijijini kwetu hakuna anayewasha sauna, kibanda cha kuogea mvuke, ya karibu na uwanda kabla sijasoma kipimajoto. Watoto hulijua hilo kabla ya kujua sala. Lakini bomba la sauna ya Ovllá lilikuwa linafuka, na moshi ulipanda mpaka usawa wa paa, ukakataa kwenda juu zaidi, ukalala, ukatambaa na joto lake kuelekea kwenye mlingoti.

Nilimkuta mlangoni na kuni kwapani.

"Mama mkubwa, mgeni aondoke bila kuoga? Watu watatusema."

"Na kipimajoto?"

"Si nimekuona ukitoka sandukuni? Nikajua umeshasoma."

Yeye alishika desturi. Aliyeivunja ni mimi na haraka yangu. Nilirudi kwa Marjut nikamwambia ukweli, kwamba moto ni wetu na kosa ni langu.

Hakunigombeza. Aliutazama moshi ule kwa muda mrefu. Kisha akachukua kipimo kidogo cha mkononi, akapanda kilima kilicho nyuma ya kanisa. Mimi sina magoti ya kilima. Nilisimama chini, na kwa kuwa hakukuwa na upepo hata wa kutikisa unywele, sauti yake ilinifikia kama yuko jikoni.

"Bibi, huku ni ishirini na moja."

Alishuka skafu imefunguka. "Umeona moshi ulivyogonga dari ya hewa ya joto? Chini ya dari hiyo baridi imetuama kama maji kwenye karai. Kompyuta yetu imelainisha milima, bonde lenu halimo. Inachotabiri ni baridi ya kile kilima."

"Basi andika."

"Bila namba safi hawatanisikiliza. Uzimeni moto."

Ovllá alichota magogo yanayowaka kwa koleo, akayazika kwenye theluji. "Kuni nimepasua kwa vidole vinane," alinung'unika, "na zinaoga theluji."

Tukangoja. Saa nne basi likafika, jua limegusa kilele tu. Niliwaza kumwomba dereva, Niillas, angoje, lakini nilimkuta ameshavua kofia mezani kwangu.

"Basi haliwezi kuchelewa, bibi," alisema, akitumbukiza jibini kwenye kahawa yake kama tufanyavyo huku. "Labda dereva augue. Nahisi tumbo."

Abiria wake mmoja alikubali kuwa tumbo la Niillas ni baya sana, akaomba kahawa.

Saa tano kasorobo namba zilikuwa zimetulia. Tulizuia pumzi wawili. Arobaini na moja kwangu, arobaini na moja kwake, na mlingoti arobaini na nusu. Marjut akaandika yake kitabuni kando ya yangu, akatia sahihi.

"Kituo hakifungwi. Nitaandika kwamba kosa ni la hesabu zetu."

Walipoondoka, redio ilikuwa bado inasema ishirini na tatu. Ovllá alisimama mlangoni na ufunguo wa skuta katika glovu niliyomzibia vidole viwili. Aliitazama redio, akanitazama.

"Mama mkubwa, kitabu kinasemaje?"

Nikamsomea. Akatundika ufunguo msumarini, akaenda kuwasha tena sauna. Nami nikaketi na soksi yangu, nikafuma mistari miwili, nikainuka kutazama mbingu.