Mafua ya Vipepeo

TANGAZO. Wajitolea wote wanajulishwa kwamba, kwa mujibu wa utafiti wa kina, vipepeo hushikwa na mafua. Kwa hiyo ni marufuku kumwagilia bustani ya vipepeo kwa siku saba. Imetolewa na Idara.

Utafiti huo niliufanya mimi, nikiwa nimejilaza chali kwenye kochi la shangazi. Nilikuwa nimefunga shule ya bweni nije kupumzika, kumbe nimeletwa kubeba ndoo. Muhuri wa IDARA niliuchonga kwenye nusu kiazi, nikauchovya wino wa buluu. Tangazo lisilo na muhuri, shuleni kwetu, halisomwi hata na aliyelibandika.

Nilitegemea wajitolea wa bustani ya shangazi wacheke, wanipe japo siku moja ya kulala. Nilisahau ni watu gani. Miaka miwili iliyopita, likizo kama hii, kibao cha USIKANYAGE NYASI kilikutwa asubuhi kimesimama kwenye lami, na mpaka leo wanaizunguka ile lami.

Kopro, mwanajeshi mstaafu anayesimamia nidhamu ya bustani, alilisoma tangazo mara mbili akiwa wima. Kisha akalifunga bomba kwa mnyororo.

"Ndiyo maana," alisema Fundi Cherehani, ambaye huhesabu vipepeo kila asubuhi. "Jana mmoja alikuwa anapiga chafya."

Jumatano jioni shangazi, mwenyekiti wao, hakumaliza chakula. Jumamosi anakuja ofisa wa manispaa. Akiikuta bustani imekauka, pale panakuwa maegesho ya magari.

"Tukimwagilia, tumevunja amri," alisema. "Tusipomwagilia, atakuta kuni."

Bustani ile aliianza mwaka aliofiwa na mume wake. Hajawahi kulizungumzia hilo, ila kila asubuhi hukisalimia kichaka kimoja kimoja.

Alhamisi, kabla ya chai, nilibeba ndoo kutoka jikoni. Nilikuwa namalizia ndoo kwenye kichaka cha tatu sauti iliposema nyuma yangu:

"Ndoo chini."

"Shikamoo, Kopro."

"Marahaba. Ndoo chini."

Kikao kiliitishwa palepale, kwenye benchi. Nilishtakiwa kwa kukaidi tangazo.

"Jana vipepeo kumi na mmoja, leo wanne," alisema Fundi. "Na huyu anawaongezea baridi."

Kopro akapendekeza nifukuzwe bustanini mpaka likizo iishe, nisiguse ndoo tena.

Naomba niwe mkweli: hukumu hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta tangu mwanzo. Nilichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa na kwenda kulala. Lakini shangazi hakuwa akinitazama. Alikuwa anaokota majani makavu chini ya benchi na kuyatia mfukoni, kana kwamba ofisa asipoyaona hayatahesabika.

"Tangazo ni la uongo," nikasema. "Nimeliandika mimi."

"Lina muhuri," alisema Kopro.

"Muhuri ni kiazi."

"Usiitukane Idara, kijana."

Nikatoa kiazi mfukoni. Kilikuwa kimesinyaa, uso wa buluu. Nikakigandamiza kwenye daftari la Fundi, Idara ikatokea, hafifu kidogo lakini kamili.

"Sasa yule wa chafya alikuwa na nini?" aliuliza Fundi.

Shangazi alikichukua kiazi, akakigeuzageuza.

"Jumatatu nilikata kiazi, nikageuka kidogo, nusu haipo," alisema taratibu. "Nikajua basi, akili imeanza kuniaga."

"Nisamehe, shangazi."

"Nitakusamehe Jumamosi, ofisa akishaondoka. Kopro, fungua bomba. Mwanangu, ndoo ziko mbili, na mikono unayo miwili."

Kopro alifungua mnyororo polepole, akiniangalia. Halafu akaitazama lami, akaitazama tena, kwa muda mrefu.

"Na kile kibao cha nyasi?"

Niliinama kuchukua ndoo. Zilikuwa bado tupu, kwa hiyo hazikunipa kisingizio cha kukawia.

"Nacho pia, Kopro."