Gari Lililozibwa Pumzi

Bibi Upawa alikuwa amefika katikati ya kilima, usukani kaukumbatia kama mtu anayezuia mbuzi asitoroke, gari lilipokohoa mara mbili, likatetemeka, likazimika. Kimya. Hata ndege aliyekuwa akilia kwenye waya wa simu alinyamaza kidogo, kama naye kashtuka.

"Mafuta," alisema shemeji yake aliyekaa pembeni.

"Mafuta gani, shemeji? Si tumejaza sasa hivi?"

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na kesho yake saa nne wenye magari ya zamani wangekipanda kilima hicho hicho, mmoja nyuma ya mwingine, watu wamejipanga kando kupiga vigelegele. Lakini kabla ya kupanda kulikuwa na geti la ukaguzi. Mkaguzi hutandika kitambaa cheupe chini ya injini inayonguruma, akahesabu dakika kumi. Tone la oili likidondoka, rudi nyumbani. Kisha hufungua buti akanusa. Harufu ya petroli ikimfikia puani, rudi nyumbani. Na gari likirudishwa mara tatu hufutwa kwenye orodha moja kwa moja, hata likilia machozi.

Hili lilikuwa limesharudishwa mara mbili. Mwaka wa kwanza, harufu. Wa pili, oili. Wa tatu mumewe Bibi Upawa hakuuona; aliondoka akaacha gari bandani, jekundu, limefunikwa shuka. Basi mjane akajifunza kuendesha akiwa na miaka sitini na moja, mwalimu wake akitoka jasho kuliko yeye, na mwaka huu fomu aliijaza kwa mkono wake mwenyewe. Mtaa mzima ulijua. Aliwaambia yeye, tena zaidi ya mara moja.

Shemeji huyo, mdogo wa marehemu, alikuwa fundi wa malori kwa miaka arobaini, na watu walimwita Babu Spana. Wiki nzima alikuwa ameinama ndani ya gari, kisha jana akajifuta mikono na kutangaza: "Harufu nimeikomesha. Oili nimeikomesha. Wewe lala usingizi." Na kweli, pale uani gari lilikuwa halinuki wala halidondoshi. Alivyovikomesha ndivyo hakusema.

Sasa alishuka, akafungua boneti, akaanza kuigonga kabureta kwa mpini wa bisibisi. Bibi Upawa akaenda nyuma kuhakikisha mafuta yapo. Alipozungusha kifuniko cha tangi, tangi likavuta pumzi: fyuuu! Vile vile mtu anavyofanya akitoa kichwa ndani ya maji.

"Umesikia hiyo?"

"Sikusikia kitu. Washa."

Akawasha. Gari likaitika papo hapo. Wakapanda, wakafika kwenye kona, likakohoa, likazimika tena. Bibi Upawa alishuka, akazungusha kifuniko. Fyuuu! Akarudi kwenye usukani, akawasha, likawaka. Hapo akaanza kucheka peke yake, mabega yakimtikisika.

"Kitendawili!"

"Shemeji, tuko katikati ya barabara."

"Sema tega."

"Haya, tega basi."

"Mwanangu tumbo limejaa pomoni na mdomo uko wazi. Nikimwinamisha hatoi ila kwa kwikwi. Nikimtoboa pa pili, anamwaga mpaka namwomba aache."

Babu Spana akakuna kidevu. "Mlevi."

"Mlevi babu yako! Ni debe la mafuta ya kupikia. Miaka thelathini na moja nimewapikia watoto mia sita wa shule, wewe unadhani nilikuwa nageuza upawa tu? Debe ukilitoboa tundu moja, mafuta yanagoma. Lazima utoboe la pili, hewa iingie ijaze nafasi ya kilichotoka. Hili tangi halina pa kuvutia hewa. Umeliziba wapi, shemeji?"

Babu Spana akatazama upande wa pili wa barabara, ambako hakukuwa na cha kutazama.

"Kizibo kidogo tu," akasema. "Kwenye kile kibomba cha kupumulia, mle ndani ya buti. Ndicho kilichokuwa kinatoa harufu."

"Na oili? Mbele nako umefanya nini?"

"Bolti. Nimeikaza kwenye tundu la kupumulia la injini."

"Bolti!"

Wakainama wote wawili juu ya injini. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimerushwa juu kikachomoka, na oili imejipenyeza kwenye kila kiungo cha injini, inang'aa ubavuni kama jasho la mkimbiaji. Bibi Upawa alipiga makofi ya mshangao. Sufuria ya maharage ukiifunika na kuiwekea jiwe juu, povu litakwenda wapi? Litatokea pembeni, likuharibie na jiko.

"Lakini wewe ni fundi. Haya si unayajua kuliko mimi?"

"Nayajua." Sauti ya Babu Spana ilikuwa imeshuka. "Nilizipigia hesabu zile dakika kumi tu. Nilitaka upite getini, shemeji. Kaka alirudishwa getini. Hakurudishwa kilimani."

Bibi Upawa akampiga bega, paa!

"Basi tugeuze gari. Tuna siku nzima, na mimi sijala kiapo cha kushindwa."

Walishuka polepole, kifuniko cha tangi kimelegezwa, wakaingia uani na kazi ikaanza pale pale. Babu Spana alichomoa waya wa betri, akamwaga petroli yote kwenye madumu na kuyapeleka mbali, akafungua milango hewa ipite. Ili tangi lipumulie nje ya buti, Bibi Upawa alileta mpira wa kumwagilia maua, mzima, wa kijani, anautembeza kwa madaha.

"Huo? Petroli itautafuna mpaka uwe uji," shemeji akamcheka. Akaenda dukani akarudi na mpira mweusi mnene uliotengenezwa kwa ajili ya petroli, na klipu za chuma. "Jikoni kwako mimi nashika adabu. Hapa ni jikoni kwangu."

"Haya, mpishi mkuu. Nami nashauri huu wa tangi na ule wa injini tuiunganishe iwe mpira mmoja, tupunguze kazi."

"Petroli ishukie kwenye oili? Unataka kuiua injini? Kila mmoja na njia yake!"

Bibi Upawa akafunga mdomo, na kwake hilo halikuwa jambo dogo.

Babu Spana akakitoa kizibo, akauchomeka mpira kwenye kibomba cha tangi, akaulaza kwenye sakafu ya buti na kuutokeza chini kwa njia ya mkato. Wakarudisha petroli, wakainua mbele ya gari kwa jeki kana kwamba liko kilimani. Chururu! Petroli ikatoka nje kupitia mpira ule ule.

"Leta beseni!" alipiga kelele fundi.

"Shemeji, hilo ni birika ambalo mdomo wake uko chini kuliko chai," Bibi Upawa alisema huku akikinga. "Unategemea ibaki ndani kwa heshima?"

Babu Spana alisimama, beseni mkononi, akaangalia buti, akaangalia kifuniko cha tangi. Halafu uso wote ukamfunguka. Akaupandisha mpira ukutani mwa buti hadi karibu na kioo, juu zaidi ya kifuniko, akaukunja hapo na ndipo akaushusha. Pale unapotoboa sakafu akavisha tundu pete ya mpira ili bati lisiukate. Ncha akaitokeza nyuma ya gurudumu, upande usio na bomba la moshi, na kuifunga kipande cha wavu, maana nyigu wa udongo wangeifanya nyumba. Wakainua gari tena. Hata tone! Walishikana mikono wakaruka, wazee wazima, mpaka goti la Bibi Upawa likawakumbusha umri.

Ikabaki injini. Babu Spana akaing'oa bolti yake bila kumtazama mtu. Tundu hilo zamani lilitemea oili barabarani. Sasa akalivisha mpira uliopanda moja kwa moja, bila kulegea popote, ukapitia kwenye kikopo chenye wavu wa chuma ndani, ukaishia kwenye chombo cha kuchujia hewa juu ya kabureta.

"Moshi unapanda, kabureta inauvuta, injini inauchoma. Oili iliyomo inanasa kwenye wavu na kuteremka ilikotoka."

"Yaani inakula matapishi yake?"

"Inakula. Na haitamlalamikia mpishi."

Jumamosi mkaguzi alikuwa mama mmoja mwembamba, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Alitandika kitambaa, akabonyeza saa. Injini ilinguruma. Akafungua buti, akaingiza kichwa chote, akavuta hewa mpaka mabega yakapanda.

"Nasikia sabuni," akasema.

"Nimefua zulia," akajibu Bibi Upawa.

Dakika ya tano. Ya saba. Dakika ya nane, kitu kikadondoka. Tapu! Doa likatanuka kwenye weupe. Babu Spana alishika kichwa. Mkaguzi akapiga goti, akagusa, akasugua kidole kwa kidole, akanusa.

"Maji."

Bibi Upawa akamgeukia shemeji taratibu. "Nani kaosha injini?"

"Niliimwagia maji kidogo tu alfajiri... ipendeze..."

"Nikikukamata leo!"

Dakika ya kumi mkaguzi alikunja kitambaa, akabandika karatasi namba ishirini na saba kwenye kioo. "Pita, mama."

Alipita. Watu walikuwa wengi, honi zinalia, watoto wanakimbia sambamba na magurudumu. Bibi Upawa alitia gia ya pili, akapanda. Pale gari lilipokohoa jana, Babu Spana alishika mpini wa mlango na kuacha kupumua. Injini ikaendelea kuimba. Kona ikaja, kona ikapita. Bibi Upawa alikuwa akipiga vigelegele peke yake dirishani, anawapungia hata wasiomjua, machozi yanamtoka na wala hayafuti, maana mikono ina kazi.

Kileleni palikuwa na bendera na mtu wa kuonyesha pa kuegesha. Bibi Upawa akampungia mkono, akampita.

"Shemeji! Shemeji, mwisho ni pale!"

"Mwisho wao," alisema, akakanyaga mafuta, na gari jekundu likaanza kuteremka upande wa pili wa kilima, ambako hakuna mtu wa familia yao aliyewahi kulifikisha.