Siku ya Kufunga Mlango wa Ghuba

Mtaka cha mvunguni hainami. Anashika kitanda kwa mikono miwili, anakitikisa, na chochote kitakachotoka kikiwa kizima anakiita bahati. Hiyo ndiyo ilikuwa imani ya shemeji yangu, mume wa dada, nahodha wa boti ya kupeleka wageni kutazama pomboo. Gatini walimwita Hakikisho, kwa sababu kila mgeni aliyepanda alimwahidi huku akijipiga kifua: "Pomboo utawaona, hakikisho!" Utadhani anawafuga uani.

Mimi nilisimama mbele na kipaza sauti. Nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada ya kuongoza watalii, nalala chumba cha nyuma kwa dada, na kazi yangu ilikuwa kueleza. Nilieleza mpaka koo likakauka. Kwamba pomboo si samaki. ("Samaki hao, wapigeni picha!" shemeji alipaza sauti nyuma yangu kila safari, kwa kunikomoa tu.) Kwamba ukiwaona buabua, wale ndege weupe wenye mkia uliogawanyika ncha mbili, wakijitupa majini kama misumari, ujue chini kuna kundi la samaki wadogo, na pomboo hawako mbali. Kwamba hapo unazima injini, unatulia, unangoja.

"Tungoje nini?" aliniuliza siku ya kwanza. "Wageni wana ndege ya kuwahi, shemeji. Na mimi nina mke wa kumjibu."

Basi hawakungoja. Manahodha walikuwa na mtindo wao, wakiuita kufunga mlango. Ghuba ile ilikuwa kama chungu chenye mdomo mwembamba. Pomboo waliingia asubuhi kula. Boti moja ikakaa mdomoni ikinguruma ili wasitoke, nyingine ikawafukuza kuelekea maji mafupi. Huko, kwa kiwewe, wakaruka. Wageni wakapiga makofi. Niliagizwa niseme wanacheza. Nilisema wanakimbia, na Hakikisho akaongeza moto wa injini ili sauti yangu imezwe.

Siku hiyo zamu ya kufukuza ilikuwa yetu. Kundini kulikuwa na mama na mtoto. Mtoto alikuwa mchanga kabisa. Ubavuni bado alikuwa na mikunjo, kama nguo iliyotolewa sandukuni, alama ya namna alivyojikunja tumboni. Nilimwonyesha shemeji. Nilimwambia tuwaache hawa.

"Ndiyo picha yenyewe hiyo!" akasema, akakata kona.

Tukapita katikati yao. Mama akabaki upande wa kina kirefu, mtoto upande wa ufukwe. Na mtoto, kwa kuchanganyikiwa, akafanya kitu ambacho hata leo kikinijia nasaga meno: akaja kuuganda ubavu wa boti yetu. Alikuwa ametufanya sisi mama yake. Akaogelea nasi bega kwa bega, akirudi nyuma kidogo kidogo, kule pangaboi la injini lilikokuwa linakata maji.

"Jamani, anatupenda!" akalia mama mmoja mwenye kofia pana.

"Shemeji, zima."

"Wacha wapige picha."

"Zima, atakatwa!"

"Wewe chuoni walikufundisha kupiga kelele?"

Kulikuwa na kibanio chekundu kilichochomekwa kwenye injini, kimefungwa kwa kamba kwenye kifundo cha mkono wake. Kikichomoka, injini inazima. Kimewekwa ili nahodha akianguka boti isiende peke yake. Nilitoka mbele, nikapita juu ya mabegi na magoti ya watu, nikakivuta kibanio pamoja na kamba yake. Nilijua nikibaki nacho atanipokonya. Nikakitupa baharini.

Kimya kile sijakisahau. Kisha, kutoka chini ya sakafu ya boti, mluzi. Mwembamba, mrefu, unarudiwa: mama alikuwa anamwita. Mtoto akasimama kwenye maji, akageuka, akapita chini yetu kama kivuli. Kwa mbali wakatoa pumzi pamoja, *puf*, *puf*, na sikuwaona tena.

Ningependa kukuambia wageni walinishukuru. Thubutu! Walitaka pomboo wao. Hakikisho alipekua boti nzima akitafuta kibanio cha akiba, kisha akakumbuka, na uso ukamshuka: alikuwa amekigeuza kishikio cha funguo za nyumbani, na funguo alikuwa nazo dada. Maji yalikuwa yanakupwa, yanatoka ghubani. Yakatusukuma taratibu mpaka tukapanda fungu la mchanga. Boti ya pili ikaacha mdomo wa ghuba, ikasogea, ikaliona fungu, ikageuza. "Maji yakijaa mtatoka wenyewe!" nahodha wake akapiga ukelele, akicheka.

Tukakaa. Jua likatuchoma. Shakwe mmoja akaiba mkate mkononi mwa yule mama wa kofia, akaula mbele yake bila haya. Upande wa pili wa fungu buabua walikuwa wametua, kundi zima, wamekodolea macho upande mmoja kama watu wanaosubiri kuhutubiwa.

"Kwa nini wote wanaangalia kule?" mgeni mmoja akauliza, kwa hasira bado.

"Upepo unatoka kule," nikamjibu. "Wakiupa mgongo, manyoya yanavurugika. Na ikitokea hatari, kwa kuwa wameuelekea upepo, wanaruka mara moja."

Shemeji naye akageuza shingo kuwatazama. Aliponiona nimemwona, akatema mate majini.

Jioni alinitaka niombe radhi. Nikakataa. Dada, ambaye ndoa yake nilikuwa nimeitia mchanga, alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma na kusema polepole, "Umemdhalilisha mume wangu mbele ya watu. Ama uombe radhi, ama utafute pa kulala." Nilifunga mizigo. Dada yangu mimi, aliyenibeba mgongoni nikiwa sijui kutembea, akanifungulia lango, akatazama pembeni.

Miaka imepita. Hakikisho ameuza boti; magoti yamemshinda. Binti yao anaolewa, na wiki iliyopita dada alinipigia simu. Alianza kwa mzaha, akanizungusha, mwisho akafika alipokuwa anaelekea.

"Shemeji yako anasema uje. Ila kwanza neno moja tu, mdogo wangu. Sema samahani, tuyamalize. Halikuvunji meno."

"Samahani ya nini?"

"Ya siku ile."

"Yule mtoto angekatwa, dada."

"Alikuwa samaki!"

Nikamwambia nitakuja. Nitakatakata vitunguu, nitaosha masufuria, nitamsalimia mumewe kwa adabu zote na kumpa kiti changu.

"Na samahani?"

"Hiyo hapana. Siombi."