Benchi Lililobomolewa

Saa mbili kasorobo asubuhi, Futi alikuwa amepiga magoti akikagua vigae vya ukumbi wa mapokezi. Alikuwa msimamizi wa mafundi kwenye jumba jipya la wageni wa serikali, na jina hilo walimpa kwa sababu futi kamba ya kupimia haikumtoka kiunoni hata siku ya harusi yake. Ukuta ulikuwa sawa. Madirisha yalikuwa sawa. Watu kumi na tisa walikuwa wamekaa hewani, sentimita arobaini na tano kutoka sakafuni, wakimsubiri daktari.

Hapo awali palikuwa na zahanati. Kampuni ya kina Futi iliibomoa kwa siku moja, na benchi la wagonjwa likaondoka na kifusi. Wagonjwa hawakuondoka. Waliendelea kuja na vyeti vyao, wakakaa palepale benchi lilipokuwa. Futi alipitisha mkono chini yao, hapakuwa na kitu, akaandika kwenye daftari la kazi: "Waliokaa, 19. Vigae vinapita chini." Injinia akasaini.

Mafundi walizoea upesi.

"Mama, samahani, inua miguu kidogo."

"Weka tu kigae chako, mwanangu. Ukimwona daktari, niite."

Shida ilikuwa nje. Watu walijaa getini na mabango, wakiwaita mafundi walaji wa vitanda vya wagonjwa. Muuza nyama aligoma kumhudumia yeyote mwenye kizibao cha rangi ya chungwa.

"Nenda kale vigae," alimwambia Futi.

Futi akavua kizibao, akakikunja, akarudi kwenye dirisha la bucha. "Na sasa?"

"Sasa kale vigae bila kizibao."

Wiki ya uzinduzi, mtu wa ishirini kukaa hewani alikuwa mke wa Futi. Mimba ilikuwa ya miezi minane, na miguu ilikuwa imevimba mpaka ndala zimeikataa. Kadi ya kliniki alikuwa ameilaza mapajani.

"Mke wangu, hapa hakuna daktari. Chumba chake nilikibomoa mimi."

"Najua. Nguo za siku ile nilizifua mimi."

"Twende mjini. Nitaomba lori la kokoto."

"Kichwa kinapasuka tangu jana, macho yanaona ukungu, halafu unirushe kwenye lori? Na nikiinuka, nafasi yangu inachukuliwa."

Futi alimshika kwapani akamvuta. Hakubanduka. Alikuwa amekaa imara kuliko chochote alichojenga Futi mwaka ule.

Akamfuata Injinia. "Tuite hata muuguzi mmoja, bosi. Ni mke wangu."

"Kwenye ramani kuna muuguzi?"

Futi, kwa mazoea ya kazi, aliikunjua ramani akaitazama. Hapakuwa na muuguzi.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikata utepe, akatembea ukumbini, akasimama mbele ya wale ishirini. Aliuliza nani alibuni viti visivyochukua nafasi. Wakamwonyesha Futi. Akampa mkono, wakapigwa picha.

Ndipo foleni nzima ikateleza hewani, nafasi moja upande wa kushoto. Mzee aliyekuwa wa kwanza alikuwa amekufa, na mafundi wawili walikuwa wakimtoa kwa mlango wa nyuma, wasije wakakanyaga zulia.

Mke wa Futi alifumba macho kwa maumivu, akasubiri yapite, akayafumbua.

"Umeona?" alimwambia Futi. "Inasogea."